♿ 🦽 🧑‍🦽 🦯 🩼: Utumie emoji ipi, na lini?

Rafiki yangu mmoja alipata kiti mwendo kipya. Cha zamani kilikuwa kimechoka kabisa. Gurudumu dogo la mbele lilikwama kila penye kokoto, na bangili ya chuma ya kusukumia upande wa kushoto ilikuwa imechubuka hadi ikawa inamkwaruza kiganja. Alijipiga picha amekaa kwenye kipya, chekundu, akaitupia kwenye kundi letu bila neno lolote. Majibu yakamiminika. "Pole sana dada ♿." "Mungu akutie nguvu 🧑‍🦽🙏." "Hujafa hujaumbika ♿♿." Nami nikabandika ♿ na moyo mwekundu, nikaendelea na shughuli zangu.

Jioni akaniandikia pembeni: "Mwenzangu, nimepata kiti kipya, watu wananipa pole kama nimefiwa. Na hiyo uliyonitumia wewe ndiyo ile ya kwenye mlango wa choo."

Alisema kweli. Kibodi ina alama zaidi ya kumi zinazohusu vifaa vya kutembelea, lakini wengi wetu huishia kwenye ile ya kwanza tunayoiona. Hapa nimeziweka kando kwa kando ili anayesita aweze kuchagua. Sitamtaja mshindi, kwa sababu hazishindani: kila moja iliwekwa kwa kazi yake, na nyingi ya lawama tunazopata hutokana na kuitwika emoji kazi ya jirani yake.

Vigezo vinne

Cha kwanza ndicho kizito kuliko vingine: emoji inataja nini? Mahali, kifaa, au mtu? Kwa bahati nzuri huhitaji kubahatisha. Unicode, shirika linaloratibu herufi na emoji za simu na kompyuta zote duniani, limezipanga kwa mitaa, na majirani wa emoji wanakuambia mengi. ♿ imewekwa pamoja na alama za vyoo, maji ya kunywa na mashine ya kutolea pesa. 🦽 na 🦼 zimo kwenye vyombo vya usafiri, katikati ya skuta na bajaji. 🦯 iko na nyundo, minyororo na ndoano, yaani zana. 🩼 iko na vidonge, sindano na plasta. Na 🧑‍🦽 yuko miongoni mwa watu, kati ya anayepiga magoti na anayekimbia. Ukishaujua mtaa wa emoji, nusu ya jibu umeipata.

Kigezo cha pili ni umri. Simu ya zamani haiijui emoji mpya, itaonyesha kisanduku kitupu au itaipasua vipande. Cha tatu ni inavyosikika. Wasioona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti, na programu hiyo huitaja kila emoji kwa jina lake. Cha nne ni mzigo iliobebeshwa na watumiaji, maana baadhi ya alama hizi zimegeuzwa matusi, na anayepokea hawezi kujua kwamba wewe hukuwa na nia hiyo.

♿ Alama ya kiti cha magurudumu

Inataja mahali. Mchoro huu ulianza mwaka 1968, kazi ya mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark, Susanne Koefoed. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa kiti kitupu cha mistari. Karl Montan, mwenyekiti wa kamati iliyotafuta alama hiyo, ndiye aliyeongeza duara juu, na lile duara likakifanya kiti kipate mtu. Mwaka uliofuata shirika la Rehabilitation International liliipitisha kuwa alama ya kimataifa, na tangu hapo ikasambaa kwenye milango, maegesho na vituo vya usafiri. Tangu mwanzo maana yake ni moja: hapa pameandaliwa, utaweza kuingia. Haisemi lolote kuhusu aliyeingia.

Ndiyo maana kwenye mwaliko inafanya kazi vizuri sana, kwa sharti moja: usiiache peke yake. "Ukumbi ♿" inaweza kuwa na maana kwamba mlango ni mpana lakini kuna ngazi tatu kabla ya kuufikia. Inaweza pia kumaanisha kwamba ukumbini utaingia ila chooni hutaingia. Mtu anayetumia kiti mwendo amekwishadanganywa na alama hiyo mara nyingi, kwa hiyo akiiona humpigia simu mwandaaji kuuliza upya. Mwondolee simu hiyo. Andika: "♿ Mlango wa upande wa maegesho hauna ngazi. Choo kipana kipo ghorofa ya chini. Lifti inafanya kazi." Sasa emoji imekuwa kichwa cha habari na maneno ndiyo habari yenyewe.

Kwa umri, hakuna inayoizidi. Iliingia kwenye orodha ya Unicode mwaka 2005 ikiwa alama ya kawaida, na mwaka 2015 ikahesabiwa rasmi kuwa emoji, kwa hiyo hata simu iliyochakaa itaionyesha. Kwa sikio pia ni nyepesi: jina fupi, linaeleweka mara moja.

Mzigo wake ndio mkubwa. Kwenye michezo ya mtandaoni na kwenye ubishi wa mashabiki wa mpira, ♿ hurushwa kumwambia mtu kwamba hajui kitu, hawezi kucheza, timu yake ni dhaifu. Anayetukanwa anatembea kwa miguu yake, lakini anayeumia ni yule anayesoma akiwa amekaa kwenye kiti. Kuna na lawama nyingine ya haki, kwamba alama moja ya kiti imefanywa iwasimamie watu wote wenye ulemavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, na wanaohitaji kiti mwendo ni takribani milioni 80. Ukiziweka tarakimu hizo pamoja, ni kama mmoja kati ya kumi na sita. Kiziwi, mwenye ulemavu wa akili, mwenye maumivu ya mgongo yasiyoonekana, wote wanaambiwa kiti hicho ndicho wao.

Hata mkao wa yule mtu umelalamikiwa. Amekaa wima kama mzigo uliowekwa, mikono haifanyi kitu. Miaka ya mwanzo ya 2010 huko Marekani, msanii Sara Hendren na mwanafalsafa Brian Glenney walianza kubandika juu ya vibao vya zamani mchoro mwingine, mtu ameinama mbele na mkono umerudi nyuma, anakisukuma kiti mwenyewe. Mwaka 2014 jimbo la New York likapitisha sheria ya kuutumia mchoro wa namna hiyo. Tofauti ni ya mistari michache tu, lakini yule wa zamani anasubiri mtu, huyu wa pili ana pa kwenda.

Inawafaa waandaaji wa shughuli, wenye majengo, wachora ramani na yeyote anayetoa taarifa ya mahali. Wapo pia watu wenye ulemavu wanaoiweka kwenye wasifu wao kwa fahari, na hilo ni lao kuamua.

🦽 na 🦼 Kiti cha kusukuma na kiti cha umeme

Zinataja kifaa. Zilikuja mwaka 2019, baada ya Apple kupeleka pendekezo Unicode mwezi Machi 2018 ikishirikiana na mashirika ya Marekani yanayohudumia wasioona, viziwi na watu wenye mtindio wa ubongo. Kabla ya hapo, ukitaka kuandika habari ya kiti ulikuwa na kibao cha mlangoni tu.

Tofauti ya hizi mbili wengi huipita haraka. Ikuze skrini uangalie. 🦽 ina magurudumu makubwa nyuma, yale yenye bangili ya kusukumia kwa mikono. 🦼 ina magurudumu madogo, kiti kinene, na kifimbo cha kuongozea penye mkono. Katika maisha hii si tofauti ya sura. Kiti cha kusukuma, aghalabu, hukunjwa na kuingia kwenye buti ya gari, na penye ngazi mbili watu wawili hukinyanyua. Kiti cha umeme kina betri na mota, na aghalabu ni kizito mno, hakinyanyuliwi na wawili wala wanne kwa usalama. Kinataka njia ya mteremko ya kweli, na kikikaa siku nzima kinataka soketi ya kuchajia.

Kwa hiyo mtu akikujibu "Nitakuja na 🦼", hajapamba ujumbe. Amekuambia kwamba wale vijana uliowaandaa kumbeba hawatamsaidia, tafuta ubao wa mteremko. Mwandaaji anayejua kutofautisha hizi mbili anaokoa aibu ya mgeni kugeuzwa mlangoni. Nikiwa naandika fomu ya washiriki siku hizi naziweka zote mbili, kila moja na jina lake kando, watu wachague.

Kuonekana: simu za kuanzia mwishoni mwa 2019 huwa hazina shida nazo. Kusikika: majina yake yanataja aina ya kiti, jambo ambalo ♿ haifanyi. Mzigo: mwepesi. Sijaziona zikitumika sana kwa kejeli, pengine kwa sababu hazina mtu wa kumcheka.

Na hapo ndipo ilipo nguvu yake nyingine. Kiti peke yake hakina jinsia wala rangi ya ngozi, na hakimwambii mtu yeye ni nani. Ukitaka kuzungumzia ununuzi, ukarabati, matairi, betri, au kumpongeza mtu kwa kiti kipya, hii ndiyo yenyewe. Haifai unapotaka kumtaja mtu mwenyewe. Ukiandika "Tutakuwa mimi, 👩🏾, 👨🏾 na 🦽", umemhesabu mmoja wenu kuwa samani.

🧑‍🦽 🧑‍🦼 Mtu kwenye kiti mwendo

Hapa tumefika kwa mtu. Kuna mwanamke, mwanamume, na mtu asiyetajwa jinsia. Kuna kiti cha kusukuma na cha umeme. Na kila mmoja ana rangi za ngozi tano za kuchagua juu ya ile ya manjano. Mwanamke na mwanamume walikuja na viti vyao mwaka 2019, na asiyetajwa jinsia akafuata kabla mwaka haujaisha.

Kiufundi, emoji hii imeunganishwa: mtu, kisha alama ya kiungo isiyoonekana, kisha kiti. Simu inayoijua huchora picha moja. Isiyoijua huonyesha vipande, mtu upande huu na kiti upande ule 🧑🦽, kana kwamba ameshushwa na kuachwa kando. Ujumbe unaeleweka, ila picha imekuwa nyingine kabisa.

Kisha kuna suala la kuelekea. Karibu emoji zote za mwendo hutazama kushoto. Sisi tunaoandika kutoka kushoto kwenda kulia, tukiweka 🧑‍🦽 mwishoni mwa "naenda kazini", mtu anaonekana anarudi nyumbani. Mwaka 2023 Unicode iliongeza wanaotazama kulia: anayetembea, anayekimbia, anayepiga magoti, mwenye fimbo nyeupe, na hawa wawili wa viti. Ni nyongeza nzuri, ila ndizo changa kuliko zote ninazozilinganisha hapa na ndizo huvunjika zaidi. Kwenye simu ya zamani kidogo, mwenzako ataona mtu kwenye kiti na mshale umesimama pembeni.

Kwa sikio, jina ni refu: mtu, aina ya kiti, kisha rangi ya ngozi. Moja halina neno. Zikipangwa nne mfululizo, msikilizaji anasubiri sana kabla ya kuipata hoja.

Mzigo wake ni wa chini kwa chini. Watu huandika "nimechoka leo 🧑‍🦽" au "mazoezi yameniua 👨‍🦽", wakiwa na maana ya miguu kuuma baada ya kukimbia. Anayeandika hana chuki. Lakini fikiria unayeishi kwenye kiti ukikuta picha yako imefanywa alama ya kuishiwa nguvu, wakati wewe hicho kiti ndicho kinachokupa nguvu ya kutoka nyumbani.

Inamfaa zaidi mtu anayejieleza mwenyewe. Inafaa pia kwenye tangazo linalotaka kuonyesha watu wa aina zote, mradi wengine nao wawe watu na si vitu. Haifai kumchagulia mtu mwingine. Wapo wanaotumia kiti kwenye safari ndefu na wakiwa nyumbani wanatembea. Wapo wanaobadilisha, leo kiti kesho magongo. Wewe umemwona siku moja.

🦯 na 🧑‍🦯 Fimbo nyeupe

Kiswahili chetu kina fimbo, bakora, mkongojo na gongo, na kila neno lina mtu wake. Emoji hazina utajiri huo, na ndipo makosa yanapoanzia: mtu anaitafuta bakora ya babu, anaiona 🦯, anaituma. Lakini 🦯 si ya kuegemea. Ni fimbo nyeupe ya mtu asiyeona au mwenye uoni hafifu, nyembamba na ndefu, aghalabu ikiwa na nyekundu upande wa chini. Kazi yake ni kuchunguza njia mbele ya mguu, na kuwajulisha madereva na wapita njia kwamba anayevuka haoni. Ukiiegemea kwa uzito wako, itapinda.

Hata jina lake lina historia. Ilipoingia mwaka 2019 iliandikishwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya fimbo ya kupapasia. Kanuni za Unicode haziruhusu jina lililokwisha kuandikishwa kubadilishwa, kwa hiyo lile la awali limebaki kwenye vitabu vyao hadi leo. Ila jina linaloonekana na kusomwa kwenye vifaa lilirekebishwa likawa fimbo nyeupe, kama wanavyoiita wenyewe.

Fimbo peke yake 🦯 inataja kifaa, na kwa kuwa inatambulika kimataifa inabeba pia jambo pana la haki za wasioona. Inafaa sana kwenye ujumbe wa tarehe 15 Oktoba, siku ya fimbo nyeupe. Mtu mwenye fimbo 🧑‍🦯 anataja mtu, na yote niliyosema kuhusu 🧑‍🦽 yanamhusu, kuanzia kupasuka kwenye simu za zamani hadi kutazama kushoto.

Kuonekana kuna shida ya ziada: kwenye skrini yenye mandhari nyeupe, kijiti cheupe chembamba kinapotea. Asiye na macho makali, ambaye mara nyingi ndiye mlengwa, haioni.

Kuhusu kusikika, nilifundishwa na mwenzetu mmoja asiyeona. Kundi lilikuwa limetuma ratiba ya kikao, na aliyeiandika, kwa nia njema kabisa, aliweka 👨‍🦯 mwanzoni mwa kila mstari badala ya kistari. Mwenzetu akaniwekea simu sikioni nisikilize. Kila mstari ulianza na mwanamume mwenye fimbo nyeupe, kisha saa. Mwanamume mwenye fimbo nyeupe, kisha jina la mzungumzaji. Mwanamume mwenye fimbo nyeupe, kisha chai. Akaniambia, "Najua nina fimbo. Nilichokuwa nataka kujua ni saa ngapi."

Mzigo wake ni mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. 👨‍🦯 na 👩‍🦯 zimekuwa mtindo wa vijana kusema "najiondokea zangu" au "mimi sijaona kitu", baada ya kukuta jambo la aibu kwenye mazungumzo. Ukimwandikia mtu usiyemfahamu vizuri, maana hiyo inaweza kutangulia ile ya kweli.

Inamfaa mwenye fimbo mwenyewe, walimu na wahudumu wa wasioona, na matangazo yanayowahusu. Kwa babu mwenye goti bovu haifai, hata ukiwa na haraka.

🩼 Gongo

Changa zaidi kati ya vifaa hivi, ya mwaka 2021. Inataja kifaa, na kwa kuwa imekaa kwenye mtaa wa dawa na plasta, inanukia hospitali. Aliyevunjika mguu uwanjani, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti, aliyeambiwa asikanyagie mguu kwa wiki sita: hao itawafaa moja kwa moja. "Nipo nyumbani 🩼" inaeleza yote, na hapo neno pole lina mahali pake.

Kwa aliyetumia magongo maisha yake yote, mambo ni tofauti kidogo. Kwake gongo si habari ya hospitali, ni kama viatu. Wengine wameifurahia emoji hii kwa sababu walau ipo. Wengine huiona kuwa inawarudisha wodini. Nayo haina mtu: hakuna emoji ya mtu anayetembea kwa magongo, kwa hiyo anayetaka kujichora analazimika kuweka 🚶🏾 na 🩼 kando kwa kando.

Jina fupi, mzigo mwepesi. Simu za kabla ya 2021 ambazo hazijasasishwa zitatoa kisanduku.

Kando yake kuna 🦿, mguu bandia, ya mwaka 2019. Imechorwa kwa chuma na viungo vya mashine, kwa hiyo hutumika mara kwa mara kumaanisha nguvu za roboti. Mwenye mguu bandia akiitumia mwenyewe inapendeza. Mwingine akimtumia, aandike na neno lake.

Zisizokuwepo

Fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne ambayo wazee wengi huishika kwa mikono miwili, haina emoji. Bakora ya kawaida haina. Usilazimishe. "Bibi ameanza kutembea na fremu" ni sentensi kamili, na hakuna picha itakayoiboresha.

Kwa hali yako

Unaandaa shughuli na unataka watu wajue wataweza kuingia: ♿, kisha maneno yanayotaja mlango, ngazi, choo na lifti. Kama kuna jambo ambalo halijaandaliwa, liseme hapohapo.

Unajaza au unatunga fomu ya mahitaji ya washiriki: 🦽, 🦼, 🦯 na 🩼, kila moja na jina lake kwa maandishi, na nafasi ya kuandika lingine. Usiweke ♿ moja kuwakilisha wote, maana asiyeona na mwenye magongo hawatajiona humo, na wewe hutajua utafute ubao wa mteremko au mtu wa kuongoza njia.

Unajitambulisha wewe mwenyewe: chochote unachokipenda, hata ♿. Ukitaka mwili wako uonekane, 🧑‍🦽 au 🧑‍🦯 kwa rangi yako. Ukiwaandikia watu wenye simu za zamani, kifaa peke yake hakipasuki vipande.

Unaandika kwa ajili ya wasioona au kundi lenye asiyeona: emoji moja, mwishoni mwa sentensi, isiwe badala ya neno. "Njoo na 🦯 yako" ni afadhali kuwa "Njoo na fimbo yako nyeupe 🦯", kwa sababu simu isipoijua emoji hiyo, sentensi inabaki na pengo palepale penye maana.

Unamjulia hali mgonjwa wa mguu: 🩼 kama anatumia gongo kweli. Vinginevyo 💐 inatosha.

Unabishana mpira, au umechoka baada ya mazoezi: kuna 😮‍💨, 😫, 🥵 na nyingine tele. Hizi za vifaa ziache.

Mtu ameweka picha yake, na hujui umjibu nini: soma picha kwanza. Amehitimu? 🎓. Ameolewa? 💍. Kiti kimo kwenye picha lakini si habari ya picha, kwa hiyo kisiwe kwenye jibu lako, wala "hujafa hujaumbika" isiwe pale, kwa sababu methali hiyo inawaonya wengine kwa kumtumia yeye kama mfano, siku ambayo ni yake. Kiti kikiwa ndicho habari yenyewe, mpe hongera na umpe 🦽. Kama unataka kumtaja kwa alama na hujui anaipenda ipi, tazama anayoitumia kwenye ujumbe wake.

Rafiki yangu nilimwandikia tena usiku uleule: "Hongera! Rangi imekupendeza. Kinakwenda vizuri kwenye kokoto?" Akanijibu kwa video fupi, magurudumu ya mbele yanapita kwenye changarawe bila kukwama, na chini yake ameandika 🦽💨. Tangu siku hiyo ndiyo saini yake.